Wahadhiri wa afya, toeni swali kabla ya jibu

Mpenzi msomaji, kama una mtoto, ndugu au jirani anayesomea uuguzi, utabibu au afya ya umma, mwombe siku moja akuonyeshe daftari lake. Yamkini utakuta kurasa baada ya kurasa za maelezo aliyonakili jinsi mhadhiri alivyoyasoma. Yamepangwa vizuri: maana ya ugonjwa, chanzo chake, dalili, matibabu na kinga. Atayakariri, atafanya mtihani na huenda akapita vyema.

Lakini mgonjwa haji zahanati kwa mpango huo. Huja na tumbo linalouma, macho ya manjano na jamaa watatu wanaoeleza mambo matatu tofauti. Jina la ugonjwa, ambalo katika daftari huandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa, kwa mgonjwa ndilo jambo la mwisho kujulikana. Mwanafunzi aliyezoea kuanza na jina atafanya nini siku atakapolazimika kulitafuta?

Ndiyo maana nasema kwamba vyuo vyetu vya afya vinapaswa kuyapa nafasi kubwa zaidi mafunzo ya kujadili visa vya kweli. Na tena nasema kwamba kisa kikiongozwa vibaya darasani huwa ni hotuba ile ile, imevishwa kanzu nyingine tu.

NJIA YENYEWE SI NGENI

Kufundisha kwa kisa maana yake ni wanafunzi kupewa habari za tukio lililotokea, wakajiweka mahali pa yule aliyehusika, wakajadiliana wangefanya nini. Wanafunzi wa sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walianza kufundishwa hivyo miaka ya 1870. Mwaka 1900 Walter Cannon, ambaye wakati huo alikuwa angali mwanafunzi wa udaktari chuoni humo, aliandika akipendekeza kwamba madaktari nao wafundishwe vivyo hivyo. Baadaye shule ya biashara ya Harvard ikaieneza njia hiyo duniani. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, kilianzisha mafunzo ya udaktari ambamo wanafunzi huketi katika vikundi vidogo na kuanzia kwenye tatizo la mgonjwa.

Hata hapa Kenya jambo hili lina historia. Chuo Kikuu cha Moi, mjini Eldoret, kilipoanza kufundisha madaktari mwaka 1990, kilichagua njia hiyo ya vikundi vidogo, na kikawapeleka wanafunzi vijijini wakajifunze miongoni mwa wananchi. Kwa hivyo asitokee mtu akatuambia kwamba njia hii ni ya wazungu wenye madarasa ya fahari.

Wala visa vyenyewe hatuhitaji kuviagiza kutoka ng'ambo. Kimoja kiko kando ya barabara kuu ya Nairobi kwenda Mombasa.

KISA CHA MAKUENI

Wasafiri wengi wanaufahamu mji wa Makindu. Wengine wameketi kwenye hekalu la Masingasinga na kula chakula kinachotolewa bure kwa kila apitaye. Mji huo una hospitali ya serikali, na pia tawi la chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC. Vijana wanaosoma pale wamezungukwa na vijiji ambavyo majina yake yako katika majarida ya kisayansi ya dunia nzima, kwa sababu ya jambo la kusikitisha.

Kati ya Januari na Julai 2004, watu 317 katika sehemu za Mashariki na Kati mwa Kenya waliugua ini ghafla. Waliofariki ni 125. Zaidi ya robo tatu ya wagonjwa walitoka wilaya za wakati huo za Makueni na Kitui. Chanzo kilikuwa mahindi, chakula cha kila siku, yaliyokuwa yameingiwa na sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini.

Kuvu hiyo hupenda mmea ulioteswa na ukame, na hustawi zaidi mahindi yakivunwa na kuwekwa yakiwa na unyevu. Sumu yake haiondoki kwa kuchemsha. Haina dawa ya kuiondoa mwilini; mgonjwa husaidiwa tu kustahimili hadi ini lipone, kama litapona.

Wakati huo sheria ya Kenya iliruhusu sehemu 20 za sumu hiyo kwa kila sehemu bilioni moja za mahindi. Mahindi yaliyokusanywa madukani na sokoni katika wilaya zilizoathirika yalipopimwa mwaka huo, zaidi ya nusu ya sampuli 350 zilipita kiwango hicho. Nyingine zilipita 1,000.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1981, katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni, watu 20 walilazwa kwa maradhi hayo hayo ya ini na 12 wakafa. Madaktari waliandika habari zao katika jarida la Lancet mwaka 1982. Kumbukumbu hiyo ilisaidia mwaka 2004: vipimo vya kwanza vya virusi vya ini vilipokosa kuonyesha kitu, maafisa wa afya waliokumbuka yaliyotukia 1981 walishuku chakula.

Hebu tulifikirie jambo hilo, msomaji. Kisa cha zamani, kikikumbukwa na mtu anayefaa kwa wakati unaofaa, huelekeza macho mahali penye jibu. Ndiyo faida ya kufundisha kwa visa. Na ndiyo hasara ya kuvifundisha vibaya, kwani kilichokaririwa kwa ajili ya mtihani husahaulika mtihani ukiisha.

JINSI KISA KINAVYOUAWA

Mhadhiri huingia darasani, akaandika ubaoni: AFLATOKSINI. Husema, "Leo tutajadili kisa cha Makueni, ambapo watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye kuvu." Kisha huuliza, "Dalili zake ni zipi?"

Kisa kimekwisha kufa hapo. Hakuna la kujadili, kwa maana jibu limekwisha tolewa. Wanafunzi hodari watataja dalili walizosoma, wengine watanyamaza wakisubiri kunakili, na mhadhiri atatoka akiamini kwamba ameendesha majadiliano.

Kosa la pili ni la mhadhiri anayeuliza swali, kisha kulijibu mwenyewe kabla sauti yake haijatulia. Wanafunzi si wajinga. Wakigundua kwamba akinyamaziwa kidogo tu atajibu, watamnyamazia muhula mzima. Mhadhiri akiuliza, na ahesabu moja hadi kumi kimoyomoyo. Kimya hicho kinamwogopesha yeye kuliko kinavyowaogopesha wao, na kwa kawaida kabla hajafika kumi mkono mmoja utainuka.

Kosa la tatu ni kumwaibisha aliyekosea. Atakayechekwa leo kwa kusema "labda ni malaria" hatafungua kinywa tena. Na kwa kweli kusema malaria si upumbavu, kwa sababu malaria kali inaweza kuleta macho ya manjano. Mhadhiri mzuri atamjibu, "Vyema. Kama ni malaria, ungetarajia kuona nini kingine? Na tukikosa kukiona?" Papo hapo mwanafunzi anajifunza kulijaribu wazo lake mwenyewe.

ANZA PALE WALIPOANZIA WAO

Basi kisa cha Makueni kiongozwe vipi? Maoni yangu ni kwamba kitolewe kidogo kidogo, kwa utaratibu ule ule ambao habari ziliwafikia watu wa wakati ule.

Kwanza wanafunzi wapewe haya peke yake: ni miezi ya mwanzo ya mwaka, na katika wilaya kavu ya Ukambani hospitali inapokea wagonjwa wenye macho ya manjano, tumbo lenye maumivu na udhaifu mwingi. Wengi wanafariki. Swali: wewe ndiwe uliye zamu, ungemwuliza nini mgonjwa au jamaa zake?

Mhadhiri agawe ubao sehemu tatu: tunachojua, tunachoshuku, na tunachohitaji kujua. Aandike maneno ya wanafunzi jinsi walivyoyasema. Watataja virusi vya ini, homa ya manjano, malaria, pombe haramu, dawa za miti shamba. Yote yaandikwe. Sehemu ya tatu ya ubao ndiyo ya thamani kuliko zote, kwani humo mtaona nani ameanza kufikiri kama mpelelezi. Je, wagonjwa ni wa nyumba moja? Ni watu wa rika gani? Wanakula nini? Je, wanyama pia wanakufa? Swali hilo la mwisho si la mchezo. Ugonjwa kama huu ulipozuka magharibi mwa India mwaka 1974, mbwa nao waliugua.

Pili, waambiwe kwamba vipimo vya virusi havikuonyesha kitu. Sasa kipi kifutwe ubaoni, na kipi kibaki? Hapa ndipo mwanafunzi atakapong'amua mwenyewe kwamba swali la chakula lilihitaji kuulizwa mapema. Akiligundua mwenyewe atalikumbuka kwa miaka mingi, maana kila mtu hukumbuka alichokitafuta kwa taabu.

Tatu, waonyeshwe kazi ya wachunguzi. Katika 2004 walichukua wagonjwa 40, wakawalinganisha na watu 80 wa vijiji vile vile ambao hawakuugua. Kwa nini kuwahoji watu wazima wa afya? Mhadhiri asieleze. Awaachie wabishane. Hatimaye atatokea mmoja atakayesema kwamba kama wote walikula mahindi, basi kula mahindi peke yake hakutoshi kueleza. Lazima ujue mahindi ya nani yalikuwa na sumu zaidi na yaliwekwaje. Naam, ndivyo ilivyokuwa. Mahindi ya nyumba za wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na kuwekwa kwake, yakiwa na unyevu au ndani ya nyumba ya kuishi, kulihusika.

Nne, na hapa ndipo penye uzito, waambiwe hivi: wewe ni afisa wa afya ya umma. Umeingia katika boma la mama mmoja kijijini. Ana magunia mawili ya mahindi, yote yana ukungu. Mwaka ni wa njaa na hana kingine. Utayachukua mahindi hayo? Ukiyachukua, watoto watakula nini usiku huu? Ukiyaacha, je?

Swali hilo halina jibu katika daftari. Mmoja atasema yachomwe. Mwingine atauliza nani atalipa. Wa tatu, pengine mzaliwa wa huko, atasema watu wa Ukambani hukoboa mahindi kuwa muthokoi, na kuuliza kama kukoboa hakusaidii. Ni hoja nzuri, kwani wataalamu waliopima wamekuta kwamba kukoboa hupunguza sumu hiyo, ingawa hakuimalizi. Mwingine atauliza kwa nini mahindi yaliwekwa ndani ya nyumba badala ya ghalani. Akiulizwa yeye afikiri kwa nini, ataona kwamba mwaka wa njaa mtu huogopa wezi. Hapo darasa zima litaacha kusema kwamba "wananchi hawajui", na kuanza kuuliza ni nini kilichowabana.

Ni baada ya hayo tu ndipo mhadhiri aeleze yaliyotendeka: serikali iligawa chakula kingine mahali pa mahindi yaliyoharibika, na wananchi wakahimizwa kukausha mahindi vizuri na kutokula yenye ukungu. Kisha kila mwanafunzi aandike kwenye karatasi jambo moja ambalo atalifanya kesho yake akiwa zahanati, ambalo jana asingalilifanya. Mhadhiri azikusanye karatasi hizo na kuzisoma. Humo ndimo atakamojua kama somo limeingia.

WALIOFIWA WAMO DARASANI

Kuna jambo moja ambalo yeyote anayefundisha kisa hiki karibu na Makindu hana budi kuliangalia. Waliokufa walikuwa wazazi, watoto na majirani wa watu. Mwanafunzi aliyeketi safu ya nyuma, kimya, huenda ni mmoja wa waliofiwa.

Kabla ya kuanza, basi, mhadhiri aseme wazi kwamba hizi ni habari za watu wa kweli, na kwamba anayeona uzito yuko huru kutoka bila ya kuulizwa. Asimwite mwanafunzi kwa jina na kumwambia, "Wewe ni wa huko, hebu tueleze." Akipenda kusema, atasema mwenyewe, na akisema wengine wote wasikilize. Adabu hiyo ni sehemu ya somo. Mhudumu asiyeweza kuwatendea marehemu heshima darasani hatawatendea walio hai heshima wodini.

Na lugha je? Mtihani ni wa Kiingereza, lakini mama wa kijijini hataeleza maumivu yake kwa Kiingereza. Katika majadiliano waruhusiwe kutumia Kiswahili, hata Kikamba, hasa pale mhadhiri anapowaambia, "Mweleze huyo mama jambo hili kama angekuwa mbele yako." Wako wanafunzi wanaojua kueleza sumu ya kuvu kwa istilahi za kitabu, lakini wakiambiwa waieleze kwa lugha ya nyumbani wanagota. Ni heri wagote darasani.

"WANAFUNZI NI WENGI MNO"

Najua wahadhiri watasema: darasa lina wanafunzi mia moja, muda ni saa mbili, mtalaa ni mrefu na mtihani unakuja. Malalamiko hayo yana ukweli, na wenye kusimamia vyuo wanapaswa kuyasikia. Hata hivyo hayatoshi kuwa sababu ya kutofanya lolote.

Wanafunzi mia moja wanaweza kugawanywa vikundi vya watu wanane au tisa pale pale kwenye viti vyao. Kila kikundi kipewe dakika kumi kwa kila hatua, kisha mhadhiri achague vikundi vitatu vieleze, na vingine vipinge. Msemaji wa kikundi abadilike kila hatua, ili wale wawili watatu wanaopenda kusema wasimeze kikao kizima. Kisa chenyewe kisomwe jana yake, ukurasa mmoja tu, pasipo jibu.

Wengine watasema wanafunzi hawawezi kujadili wasichokijua. Kweli, na hakuna aliyesema hotuba zifutwe. Mwanafunzi afundishwe kwanza ini ni nini na hufanya kazi gani. Kisa huja baadaye, kumtaka aitumie elimu hiyo. Hata visa vinne kwa muhula, vikiongozwa vizuri, ni mwanzo mwema.

La mtihani ndilo gumu zaidi. Maadamu mtihani unauliza "Taja dalili tano", wanafunzi watataka dalili tano na kuona majadiliano ni kupoteza wakati. Wanaotunga mitihani nao waweke kisa kisicho na jina la ugonjwa, wamuulize mtahiniwa angeuliza nini, na kwa nini.

MSOMAJI WA MJINI, HAYA YANAKUHUSU

Huenda unasema moyoni: mimi ninakaa Nairobi au Mombasa, ya Makueni yananihusu nini? Yanakuhusu mezani pako. Novemba 2019 Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha uuzaji wa aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya sumu hii hii. Mwaka 2010 mamilioni ya magunia yalitangazwa kuwa hayafai kuliwa. Mahindi husafiri, na kiwango kidogo cha sumu kinacholiwa kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye virusi vya hepatitisi B.

Siku sumu hii itakapozuka tena, wa kwanza kuiona hatakuwa profesa. Atakuwa muuguzi au afisa wa kliniki kijana, katika zahanati ya mbali, mbele ya wagonjwa watatu wa nyumba moja. Iwapo ataulizia mahindi yao siku hiyo hiyo au baada ya wiki tatu, hiyo ndiyo tofauti kati ya kaburi moja na makaburi mengi. Tabia hiyo ya kuuliza haiji yenyewe; hujengwa chuoni.

Kwa hivyo, mzazi unayelipa karo, unapomuuliza mwanao amepata alama ngapi, mwulize pia: muhula huu mmejadili visa vingapi, na nani alisema zaidi, ninyi au mhadhiri? Nawe mwanafunzi, ukiona jibu limeandikwa ubaoni kabla ya swali, inua mkono kwa adabu, umwombe mhadhiri alifute kwanza.